Mfumo Hauna Kosa

Shangazi yangu hasamehi. Nalisema mapema ili wapenda mahubiri ya msamaha waishie hapa hapa, tusipotezeane muda. Jirani aliyewahi kumwaga maji ya kufulia kwenye ngazi zake alikuja kuhama mtaa kwa sababu zake mwenyewe, na siku hiyo shangazi alitoka na ufagio akafagia nyayo zake mpaka barabarani, huku anaimba. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Amenilea, amenisomesha, na hasira nilizo nazo ni zake, sikuzinunua dukani.

Kazini wanamwita Cherehani. Si kwamba anashona. Ni ule mlio wa vidole vyake kwenye kibodi, trrrr, kituo, trrrr, kama mtu anayepiga pindo la pazia refu. Alijifunza kuchapa enzi za mashine za chuma, kwa mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa cheusi ili wasichungulie herufi. "Macho kwenye karatasi," aliwaambia, "vidole vinajua kwao." Shangazi alilishika neno hilo kama amana. Ukimpa karatasi yenye mwandiko wa daktari ataikodolea macho, vidole vitakimbia, wala hatainua uso mpaka nukta ya mwisho. Skrini aliiona ni kitu cha kuwasaidia wasiojiamini.

Meza yake ilikuwa nje ya mlango wa Mkurugenzi wa shirika la maji, mahali ambapo na mimi nimeajiriwa, dirisha la wateja, ghorofa ya chini. Kitini aliweka mto alioufuma mwenyewe kwa uzi wa kijani. Kila barua ya shirika ilipita kwenye vidole vyake, na haikuwahi kusikika kwamba imetoka na kosa. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mchana alikula na Mama Stoo, mtunza vifaa, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mpaka kwenye geti. Wamekula pamoja tangu mimi sijaota magego. Watoto wa Mama Stoo wananiita dada, na mimi nikiumwa ni yeye anayeniletea uji kabla shangazi hajajua kama naumwa.

Basi akaja Kikombe.

Kikombe ni fundi wa kompyuta, kijana mrefu mwenye shati lisilokunjika, na jina alipewa kwa sababu mkono wake wa kulia haukuachana na kikombe cha kahawa tangu anaingia mpaka anatoka. Alimshawishi Mkurugenzi tuiache programu ya baruapepe tuliyoizoea, akatuundia yake. Ilikuwa na haraka ya ajabu, alisema, kwa sababu ya njia za mkato: hakuna kuhangaika na kipanya, unabonyeza herufi moja tu na kazi imekwisha. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kahawa, amri zote alizipanga upande wa kushoto wa kibodi, zinakofikiwa na mkono uliobaki. W ilifungua rasimu iliyo juu kabisa. S iliweka anwani ya kila mfanyakazi. A ilituma. Hebu niambie, ni nani anayeandika Kiswahili bila A?

Ukiwa ndani ya kisanduku cha kuandikia, herufi ilikuwa herufi. Ukitoka nje yake, hata kwa bahati mbaya, kila herufi ilikuwa amri. Hakuna aliyeulizwa kama anazitaka. Ulikuwa ukifungua programu asubuhi unazikuta zimeshaamka zinakusubiri. Juu ya hayo Kikombe aliweka kidirisha chenye maneno "Je, wajua?" kilichoibuka chenyewe katikati ya kazi ili kukufundisha njia nyingine ya mkato, na kilipoibuka kilikutoa kwenye kisanduku bila hodi.

Watu waliumia kimyakimya. Msimamizi wa madereva alifuta ratiba ya magari, akajiambia ni usingizi. Mhasibu alimtumia fundi bomba barua ya benki, akajilaumu. Mpokea wageni alizoea kuinua mikono yote miwili juu kila kidirisha kikitokea, kama mtu aliyenyooshewa bunduki. Lakini hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alijiona ni yeye peke yake aliye mjinga.

Siku yenyewe, asubuhi, Mkurugenzi alimpa shangazi maoni yake juu ya watumishi wanaoweza kupandishwa vyeo. Kuhusu Mama Stoo alikuwa ameandika: "Ni mwaminifu, lakini akili yake imeishia kwenye rafu zake. Asifikiriwe." Shangazi alichapa, kazi yake si kuchapa? Mkurugenzi akasema isitumwe kwanza, atairudia. Ikabaki kwenye rasimu. Mchana shangazi akala na rafiki yake, akanyamaza, maana siri ya ofisi ni siri ya ofisi.

Alasiri alianza barua nyingine kuhusu mgao wa maji. Macho kwenye karatasi. Neno la kwanza lilikuwa "Wasimamizi", na kidirisha cha Kikombe kilikuwa kimekwisha kuibuka. W ikafungua rasimu ya juu. A ya kwanza haikuona pa kupeleka, ikakaa kimya. S ikaita watu wote. A ya pili ikatuma. Shangazi aliendelea kuchapa mpaka mwisho wa ukurasa, trrrr, trrrr, na alipoinua uso kisanduku kilikuwa cheupe na simu ya mezani inalia.

Shirika zima lilisoma. Mimi nilisomea dirishani, mteja mbele yangu ananiuliza bili.

Kikao kiliitwa kesho yake. "Sikubonyeza kutuma," shangazi alisema. "Nilikuwa naandika tu."

Kikombe alipiga funda la kahawa kwanza. Funda lile sitalisahau. "Mfumo hauna kosa, mama," alisema kwa upole wa kumfariji mtoto. "Mfumo hufanya ulichouamuru. Kosa ni la mtumiaji."

Hapo ndipo sifa ilipogeuka kitanzi. Watu walikaa wakapima. Mfumo haukosei, fundi kathibitisha. Cherehani naye hakosei, hilo linajulikana na kila mtu. Basi kama barua imekwenda, ameipeleka makusudi. Mama Stoo alimngojea kwenye korido, hakupandisha hata sauti.

"Ungekuwa mtu mwingine ningesema ni bahati mbaya," alisema. "Lakini wewe, dada? Wewe hujawahi kukosea hata mkato. Nimekukosea nini?"

"Wallahi sikuituma."

"Ilijituma?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, na halikuaminika hata masikioni mwa shangazi. Mama Stoo aligeuka akashuka ngazi. Kuanzia siku hiyo alikula stoo, amefunga mlango.

Shangazi alihamishiwa chumba cha mita mbovu, huko nyuma kabisa, awe anapokea simu za watu waliokosa maji. Alikwenda na mto wake wa kijani kwapani. Jioni nilimkuta nyumbani anakuna nazi kwa nguvu mpaka mbuzi inataka kuvunjika.

"Nitamlipa," alisema.

"Nani, shangazi?"

"Yule mtoto. Na nitamlipa kwa maneno yake mwenyewe, sitaongeza hata moja."

Nilifurahi. Sikuona aibu kufurahi, na sioni sasa.

Kwanza alizunguka. Alipita ofisi moja moja akiuliza habari za watoto, kisha habari za magoti, kisha, kana kwamba imemtoka tu, kama ile programu imewahi kumfanyia mtu kituko. Mlango ukifungwa watu walifunguka. Mhasibu alilia. Msimamizi wa madereva alipiga meza. "Nyinyi si wajinga," shangazi aliwaambia kila mahali. "Mmefanywa wajinga, na aliyewafanya anakunywa kahawa." Mama Stoo peke yake hakumfungulia. Na kule kwenye mita mbovu kulikuwa na kompyuta moja nzee. Shangazi aliiweka programu wazi siku nzima, akakisoma kile kidirisha kama mwindaji anavyosoma njia ya swala. Aligundua kwamba hakikurupuki ovyo. Kilitokea kila programu ilipokaa wazi kwa muda wa chai kupoa, kisha kikarudi tena baada ya muda ule ule.

Siku yake ikafika. Mashirika mengine yalitaka kuinunua programu ya Kikombe, wageni wakaja na tai zao, na watumishi wote tukaitwa ukumbini tuonekane tumeridhika. Skrini kubwa ilitundikwa ukutani. Kikombe alisimama na kahawa yake mkono wa kulia, wa kushoto unaruka kwenye kibodi kama kuku anayedonoa. Akafungua, akapanga, akafuta, akatuma. Wageni walipiga makofi. Mkurugenzi alikunja nne akatabasamu.

"Kuna swali?"

Shangazi alisimama kutoka safu ya nyuma. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, nami nikajua kumekucha.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Tumekuona ukituma, tumekuona ukifuta. Ila sijakuona ukiandika. Hebu tuandikie barua moja, hao wageni waone."

Watu walicheka. Kikombe naye alicheka. "Barua ipi, mama?"

"Yoyote. Mimi nitakusomea, wewe andika."

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Kikombe aliweka kikombe chini. Akakaa. Na sote tukaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria: fundi wetu hajui kuchapa. Alichapa kwa vidole viwili, ameinamia kibodi pua inakaribia kuigusa, anatafuta kila herufi kama aliyeangusha sindano. Shangazi haangalii skrini kwa sababu macho yako kwenye karatasi. Kikombe haiangalii kwa sababu macho yako kwenye vidole. Shangazi alimsomea salamu, akamsomea kumbukumbu namba, akamsomea "yahusu", pole pole, sauti tamu, akiukazia macho ukuta. Nikakiona kidirisha kinaibuka. Na shangazi alikiona.

"Aya mpya," alisema. "Wasimamizi wote mnaarifiwa..."

Kikombe aliandika. Ukutani, rasimu yake ya juu ikafunguka, pana kama shuka. Anwani zikajaa. Ikaondoka. Simu zikalia ukumbi mzima, ting, ting, ting, mpaka mfukoni mwa Mkurugenzi, na yeye Kikombe bado ameinama anaitafuta M.

Ilikuwa barua ya kuomba ruhusa. Alikuwa amefiwa na bibi yake.

"Bibi yako," Mkurugenzi alisema, akisogeza simu mbali na macho ili aone vizuri, "si tulimchangia rambirambi mwaka jana?"

Ukumbi ulilipuka. Kikombe aliinua uso, akaiona skrini, akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Sikubonyeza kutuma!" alipiga kelele. "Nilikuwa naandika tu!"

Kicheko kilikatika. Ni maneno yale yale, na kila aliyekuwa kwenye kikao kile aliyatambua. Mama Stoo, aliyekaa karibu na mlango, aligeuza shingo akamtazama shangazi.

Shangazi alijifunga kanga vizuri begani. "Mfumo hauna kosa, mwanangu," alisema. "Mfumo hufanya ulichouamuru."

Jamani, nimekula vya harusi na vya sikukuu, lakini utamu wa siku ile bado uko kinywani.

Wageni waliondoka bila kununua. Mkurugenzi, aliyekuwa ametiwa doa mbele ya wenzake, alimpa Kikombe amri: mfumo urekebishwe, na Cherehani, asiyeridhika nao, aridhike kwanza. Basi Kikombe akashuka chumba cha mita mbovu, mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Mama, nieleze unavyotaka."

"Kaa hapo juu ya mita."

Akakaa. Shangazi alimwambia herufi zirudi kuwa herufi. Anayetaka njia za mkato aziwashe mwenyewe kwa hiari yake, na kutuma kuhitaji vitufe viwili kwa pamoja, vilivyoachana mbali, mtu asivipate kwa kujikwaa. Kidirisha kile kizikwe. Kisha akampeleka kwa msimamizi wa madereva, kwa mlinzi wa geti, kwa mpishi wa kantini, amkalishe kila mmoja mbele ya programu na asiseme neno. "Mtu akikuuliza abonyeze nini," shangazi alimwambia, "kosa ni lako, rudi ukatengeneze." Kikombe alirudi, akarudi tena, mpaka shati likajifunza kukunjika. Mlinzi wa geti alikuwa mgumu kumridhisha kuliko wageni wenye tai.

Kuhusu swali la mwisho kabla barua haijaondoka, walibishana. Kikombe aliandika, "Una hakika?"

"Hakika ya nini?" shangazi aliuliza. "Kila mtu ana hakika. Mwambie nani ataisoma." Basi programu ikawa inataja jina la mpokeaji, na kuuliza kama unataka aisome.

Shangazi alirudishiwa meza yake, na kazi ya kwanza ikawa barua ya kuuweka ukweli wazi. Kikombe alikuja kusimama pembeni. "Mama, nimeshaomba msamaha. Barua isinitaje, nakusihi. Andika tu kwamba kulikuwa na hitilafu."

Trrrr. Aliandika kwamba mtumiaji hakuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa la fundi aliyepanga vitufe kwa ajili ya kahawa yake, na jina lake akaliweka kamili, la kwake na la baba yake. Swali likatokea: *Barua hii itasomwa na wafanyakazi wote. Unataka waisome?* Shangazi aliinua uso, akamtazama kijana, akaitazama skrini, akabonyeza Ndiyo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jioni ile Mama Stoo alipanda ngazi, akasimama mbele ya meza.

"Nimesoma," alisema. "Najua sasa hukuituma. Nisamehe kwa hilo."

"Tukale basi kesho."

"Lakini uliichapa," Mama Stoo alisema. "Uliichapa asubuhi, mchana ukanimegea mkate. Akili yangu imeishia kwenye rafu."

"Maneno hayakuwa yangu."

"Najua yalikuwa ya nani. Ndiyo maana nashangaa. Yule mtoto umemlipa mpaka amekonda, na mwenye maneno unamfungulia mlango kila asubuhi."

Shangazi alirudi nyumbani akaikalia tena mbuzi ya nazi, na mimi nikakaa mbali naye, maana mkuno wake naujua.

Mama Stoo aliomba upya nafasi ya usimamizi wa vifaa, safari hii kwa barua, na Mkurugenzi alipaswa kumwandikia jibu moja kwa moja. Nilikuwa pale, nilikuwa nimepeleka malalamiko ya wateja. Mama Stoo alikuwa ameitwa asubiri jibu kwenye benchi, mikono mapajani. Mkurugenzi alifungua mlango, akampungia shangazi karatasi.

"Cherehani, nichapie hili. Yale yale ya mara ile, nimepunguza kidogo tu."

Shangazi hakuipokea. Alijishika kiganja. "Mkono unaniuma leo, mkuu."

"Unaumwa? Wewe?"

"Utu uzima. Lakini programu ni rahisi siku hizi, hata mlinzi wa geti anaiweza. Andika mwenyewe tu."

Mkurugenzi alisitasita, akarudi ndani, mlango akauacha wazi. Shangazi alinyanyua mto wake wa kijani kutoka kitini, akautandika kwenye benchi, Mama Stoo akasogea, wakaukalia wote wawili. Tulisikia kidole kimoja kikigonga herufi, to, to, to, neno moja moja, sentensi nzima ya mtu anayemjua aliyekaa nje. Kisha kugonga kukakoma. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliiona skrini yake: *Barua hii itasomwa na Mama Stoo. Unataka aisome?*

Alikaa akiitazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatazama mlangoni, akawaona wanawake wawili juu ya mto mmoja wanamtazama, akayarudisha macho haraka.

"Cherehani!" aliita hatimaye. "Hapa nabonyeza nini?"

"Unachotaka wewe, mkuu," shangazi alijibu, wala hakuinuka. "Mfumo hauna kosa."